Barua ya wazi kwa hospitali na kampuni yetu ya bima: aliyewekewa stenti kwenye mshipa mkuu bado ni mgonjwa wenu

Tanga,
4 Agosti 2025

Kwa Mwenyekiti wa Bodi na Mkurugenzi Mtendaji wa hospitali ya rufaa anakotibiwa baba yangu,
na kwa Meneja Mkuu wa kampuni ya bima iliyompa kadi.

YAH: KUTOFUATILIWA KWA WAGONJWA WALIOWEKEWA STENTI KWENYE MSHIPA MKUU WA TUMBO

Ndugu viongozi,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Hii ni barua yangu ya nne. Tatu za mwanzo nilizileta kwa mkono, zikapigwa muhuri wa masijala zenu, na nakala zake ninazo: ya 12 Agosti 2024, ya 25 Novemba 2024 na ya 17 Februari 2025. Iliyojibiwa ni moja tu, kwa mistari miwili, kwamba suala langu linafanyiwa kazi. Mwezi Machi mlinipa miadi ya kuonana na uongozi. Nilipanda basi la alfajiri, nikakaa kwenye benchi la ghorofa ya pili hadi saa tisa alasiri, ndipo nikaambiwa mhusika amesafiri na nitapigiwa simu. Simu hiyo naisubiri hadi leo.

Nimeamua kuandika hadharani, lakini majina nimeyaacha: la hospitali, la kampuni ya bima, na ya madaktari. Kwenu wapo wauguzi waliomkalia baba yangu usiku kucha, na sitaki watu hao waaibishwe kwa jambo ambalo hawakuliamua. Nyinyi mnajijua kwa kumbukumbu namba za barua zile.

Kwa watakaoisoma barua hii bila kuujua ugonjwa wenyewe, naomba nieleze kidogo.

Mshipa mkuu wa damu, aota, hushuka kutoka moyoni na kupita tumboni mbele ya uti wa mgongo. Hapo tumboni upana wake wa kawaida ni kama sentimita 2. Ukifika 3, madaktari husema umetanuka. Kwa mwanamume ukifika 5.5, hushauri utengenezwe kabla haujapasuka, kwa sababu ukishapasuka walio wengi hufariki, na wengi wao hata hospitali hawafiki. Unaweza kutanuka kwa miaka bila kuuma. Uvutaji wa sigara ni miongoni mwa sababu zake kubwa, na baba yangu alivuta tangu ujana mpaka kifua kilipomkataza. Wa kwake uligunduliwa Mei 2022 kwa bahati tu: alikwenda kupigwa altrasaundi ya tezi dume, na kijana aliyekuwa kwenye mashine akapandisha kifaa hadi juu ya kitovu, akanyamaza, kisha akaita mkubwa wake. Kipimo cha CT, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa mashine ya eksirei inayozunguka, kilisema sentimita 6.1.

Kupasuliwa tumbo kulikuwa hatari kwake kwa sababu ya mapafu. Njia iliyobaki ni ile ya kupenyeza stenti kubwa, yaani bomba la kitambaa lenye wavu wa chuma, kupitia mishipa ya kinena, likafunguliwe ndani ya sehemu iliyotanuka ili damu ipite ndani ya bomba na isiusukume tena ukuta uliochoka. Bomba la kawaida huhitaji kushika kwenye kipande cha mshipa ambacho bado ni kizima, chini ya mishipa ya figo, chenye urefu wa milimita 10 hadi 15. Baba alikuwa na milimita 4. Bomba lingekosa pa kushika, na likipandishwa juu lingeziba mishipa inayopeleka damu kwenye figo na utumbo. Ndiyo maana alihitaji bomba la kushonewa kwa vipimo vyake mwenyewe, lenye matundu mahali hasa ilipo mishipa hiyo, na katika kila tundu ikaingizwa stenti ndogo ya kuliunganisha na mshipa wake.

Baba alikuwa fundi bomba kwa miaka 34, kwenye mashamba ya mkonge na baadaye kwenye shule. Daktari alipomchorea mambo hayo kwenye karatasi, aliitazama michoro kwa muda mrefu, akauliza swali moja: "Kwa hiyo yatakayoweza kuvuja ni haya maungio?" Daktari akamwambia, "Ndiyo, mzee, na ndiyo maana tutakuwa tunayaangalia kila mwaka."

Hilo ndilo jambo ninalowaandikia. Bomba liliwekwa vizuri. Kazi ya kuliangalia ndiyo iliyokosa mwenyewe.

Tuliuza shamba la michungwa la ekari tatu Muheza, ndugu wakachanga, tukaenda Chennai, India. Bomba lilisubiriwa wiki saba likitengenezwa, akawekewa Septemba 2022. Siku ya sita alikuwa anatembea mwenyewe kwenye korido. Tulirudi nyumbani Oktoba, tukiwa na diski ya picha na karatasi ya ruhusa yenye kurasa nne. Baada ya hapo mambo yalikwenda hivi.

1. Karatasi ya ufuatiliaji ilipokelewa, ikawekwa kwenye faili, ikasahaulika.

Ukurasa wa tatu ulikuwa na maelekezo yaliyoandikwa kwa herufi nzito: CT baada ya miezi 6, tena baada ya mwaka, kisha kila mwaka maisha yake yote, pamoja na altrasaundi ya kupima mwendo wa damu katika mishipa ya figo. Niliikabidhi mwenyewe kliniki yenu ya upasuaji, nikiwa na nakala mbili.

Machi 2023, miezi sita ilipotimia, tulifika. Faili lilipatikana, karatasi haikuwemo. Nikatoa nakala yangu. Daktari wa zamu, ambaye naamini hakuwa na nia mbaya, aliisoma, akasema mzee anaonekana ana afya njema, kidonda cha kinena kimepona, haoni sababu ya CT. Aliandika altrasaundi ya tumbo ya kawaida. Majibu yalikuwa sentensi moja: "Aota ina stenti, iko sawa." Hapakuwa na kipimo cha upana, wala neno lolote kuhusu mishipa ya figo. Tukarudi nyumbani na furaha, kwa sababu tuliamini "iko sawa" maana yake iko sawa.

Septemba 2023 tukarudi kwa kipimo cha mwaka. Mashine ilikuwa mbovu. Hilo halikuwa kosa la mtu. Lakini hakuna aliyetuandikia kwenda kwingine, na tarehe mpya tuliyopewa ilikuwa Januari 2024. Januari tukaambiwa rufaa ya awali imeisha muda wake, tuanze upya mapokezi. Kutoka kwetu kuja kwenu na kurudi ni kilomita kama 700 kwa basi, na aliyekuwa akipanda basi hilo ni mzee wa miaka 73 mwenye kifua.

2. Namba za figo zilipanda mbele ya macho ya kila mtu.

Kila tulipofika kliniki ya shinikizo la damu mlimpima kreatinini, uchafu wa damuni ambao hupanda figo zikidhoofika, nami nawashukuru kwa hilo, maana bila vipimo hivyo nisingekuwa na ushahidi. Oktoba 2022 ilikuwa 93. Machi 2023 ikawa 128. Januari 2024 ikawa 171. Shinikizo lake, lililokuwa limetulia kwa vidonge viwili, likahitaji vitatu, kisha vinne. Vipimo vyote viko ndani ya faili moja, lenye jalada moja lililoandikwa kwa kalamu nyekundu kwamba mgonjwa ana stenti kwenye aota na kwenye mishipa ya figo.

Aliambiwa ni umri. Aliambiwa apunguze chumvi. Aprili 2024 alianza kuumwa ubavu wa kushoto, akapewa dawa za maambukizi ya njia ya mkojo, kisha akaambiwa huenda ni mawe.

Mtu aliyewekewa stenti kwenye mshipa wa figo, kisha kreatinini na shinikizo vikapanda pamoja, swali la kwanza linapaswa kuwa: je, stenti ile bado inapitisha damu? Kulijibu hakuhitaji mashine ya mabilioni. Altrasaundi yenye uwezo wa kupima mwendo wa damu, mikononi mwa mtu aliyeambiwa atafute nini, ingeonyesha kwamba mshipa wa kushoto unazidi kuwa mwembamba. Mashine hiyo mnayo. Nimeiona, ipo chumba cha mwisho kushoto, na wajawazito hupimwa nayo kila siku.

Julai 2024 tulichoka, tukalipa wenyewe CT kwenye kituo binafsi, shilingi 480,000. Stenti ya figo ya kushoto ilikuwa imeziba kabisa. Figo yenyewe ilikuwa imesinyaa, na daktari wa Chennai alipoziona picha alisema imekufa miezi kadhaa nyuma. Ungio la kulia lilikuwa linavuja: damu ilikuwa inapita pembeni ya stenti na kurudi ndani ya ule mfuko wa zamani, yaani sehemu ya mshipa iliyotanuka, ambao badala ya kunywea ulikuwa umekua kutoka 6.1 hadi 6.6. Yaani hatari tuliyouzia shamba ili kuiondoa ilikuwa imerudi, na zaidi yake figo moja imekwenda.

Baba aliposikia hakulalamika. Alisema tu, "Mwanangu, hata tangi la maji la shule nililikagua kila likizo."

Nimeiandika sentensi hiyo katika barua zote tatu. Naiandika tena hapa.

3. Bima ilikataa mara tatu, na sababu za kukataa zinapingana zenyewe kwa zenyewe.

Machi 2023, dirisha la bima lilisema kipimo hakiwezi kupewa kibali kwa sababu matibabu yalifanyika nje ya mtandao wa kampuni. Januari 2024 walisema mgonjwa amekwishapona na hana dalili, kwa hiyo hicho ni kipimo cha hiari. Aprili mwaka huu, baada ya operesheni ya pili, walisema ana tatizo sugu linalojulikana, na vipimo vyake vimevuka kiwango cha mwaka. Kwa mtu huyohuyo na mshipa uleule, mara si wetu, mara mzima, mara mgonjwa kupita kiasi.

Kadi hiyo hukatwa kwenye mshahara wangu kila mwezi, na haijawahi kuchelewa hata siku moja.

Naomba kampuni itazame hesabu yenyewe, kama utu peke yake hautoshi. CT tatu walizokataa zingegharimu kama milioni moja na nusu. Safari ya pili ya Chennai, Oktoba 2024, kuziba uvujaji na kuinusuru figo iliyobaki, ilitugharimu sisi milioni 31. Na kama hiyo figo moja nayo ingekwenda, baba yangu sasa angekuwa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na hilo bima ingelazimika kulilipia.

4. Kabla ya kwenda hatukuambiwa kwamba safari haina mwisho.

Jopo la rufaa lilituambia ni operesheni ndogo, tundu mbili kinenani, siku chache, mtu anarudi kazini. Sehemu ya kwanza ni kweli, nami nashukuru kwamba ni kweli. Lakini nusu ya pili ya ukweli huo inajulikana duniani siku nyingi. Uingereza walifanya utafiti katika hospitali 37, wagonjwa 1,252 walioandikishwa kati ya 1999 na 2004: baadhi walipasuliwa tumbo, wengine waliwekewa bomba kwa njia ya kinena. Katika siku 30 za mwanzo bomba lilishinda wazi. Waliofariki walikuwa chini ya asilimia 2, dhidi ya zaidi ya asilimia 4 kwa waliopasuliwa. Majibu ya miaka 15 yakachapishwa mwaka 2016. Baada ya mwaka wa nane mizani ilikuwa imegeuka. Waliowekewa bomba ndio waliokuwa wakifa zaidi kwa tatizo la mshipa, kwa sababu mfuko wa zamani ulipata damu tena ukapasuka. Watafiti wenyewe walisisitiza kwamba wagonjwa hawa wafuatiliwe maisha yao yote na wanaovuja wazibwe mapema. Na wale walikuwa na mabomba ya kawaida. La baba yangu lina maungio mengi zaidi.

Tungeambiwa haya, tungekwenda vilevile. Ila tungetenga fedha za vipimo kabla ya kununua tiketi za wasindikizaji watatu, na nisingemruhusu mtu yeyote anitoe kliniki kwa kuniambia mzee anaonekana ana afya njema.

5. Hakuna daftari.

Niliuliza ni wagonjwa wangapi kama baba yangu wanahudhuria kwenu. Hakuna aliyejua. Kwenye benchi lile la ghorofa ya pili nilikutana na mama mmoja kutoka Korogwe ambaye mumewe aliwekewa bomba la kawaida miaka minne kabla. Hakuwahi kupigwa picha hata moja tangu arudi. Alidhani maumivu ya mgongo ni ya jembe. Nilimwandikia kwenye kipande cha karatasi jina la kipimo cha kuomba. Kazi hiyo haikupaswa kuwa yangu.

Ndugu viongozi, najua majibu mtakayotoa, kwa sababu nimekwishayasikia kwenye korido na madirishani. Nayajibu kwa heshima.

Mtasema hakuwekewa bomba kwenu. Ni kweli. Lakini nyinyi ndio mlioandika rufaa, na mlipompokea mkamfungulia faili, mkamtoza ada ya kumwona daktari mara kumi na moja. Mtu aliyevunjika mguu Lindi akafungwa plasta huko hamumkatai akija kwenu kuifungua.

Mtasema dawa ya kung'arisha picha za CT inaziumiza figo zilizodhoofika. Nalo ni kweli, na ni hoja nzito hasa sasa akiwa na figo moja. Lakini njia zipo: altrasaundi ya mwendo wa damu kwa mishipa ya figo na kwa upana wa mfuko, CT bila dawa kwa kupima ukubwa, picha ya kawaida ya eksirei kuona kama chuma kimesogea au kukatika, na CT yenye dawa kwa uangalifu pale moja ya hivyo inapoleta shaka. Hofu hiyo inamtaka daktari achague kipimo kinachofaa. Baba alipelekwa nyumbani bila kipimo cha maana.

Mtasema hamna bingwa wa mabomba haya. Kulisoma bomba hakuhitaji mtu awe amewahi kuliweka. Waliomtibu Chennai walijitolea kwa maandishi kuzisoma picha zake bila malipo wakitumiwa, barua yao imo kwenye faili, na hakuna aliyewatumia hata picha moja. Na nchi hii haiko mikono mitupu. Dar es Salaam, kwenye taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete, mishipa ya moyo huzibuliwa kwa stenti. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kilianza mwaka 2019 kufundisha madaktari radiolojia tiba, yaani kutibu kwa kupenya kwenye mishipa huku ukiongozwa na picha. Watu wa kupigiwa simu wapo.

Mtasema ni jambo jipya. Juan Parodi aliweka bomba la kwanza la aina hii kwenye mshipa mkuu wa tumbo huko Buenos Aires mwaka 1990, na Nikolay Volodos wa Kharkiv alikuwa amekwishafanya hivyo kifuani mwaka 1987. Haya ya kushonwa yenye matundu yaliruhusiwa rasmi Marekani mwaka 2012. Wagonjwa wetu wanarudi nayo kutoka India kila mwaka, na wataendelea kurudi nayo.

Mtasema wagonjwa ni wachache. Bila daftari, hilo mmelijuaje?

Na ofisa mmoja, nilipomwonyesha picha za figo iliyokufa, aliniambia kwa upole, "Dada, maji yakimwagika hayazoleki." Naamini alitaka kunifariji. Lakini figo ya kulia bado inafanya kazi, mfuko ule bado upo tumboni, na ungio lililozibwa Oktoba linaweza kufunguka tena. Maji hayajamwagika yote, na yaliyobaki ndiyo ninayoyapigania.

Ninayoomba ni haya.

Kwa hospitali: kwanza, Baba apewe daktari mmoja anayejulikana kwa jina, atakayekuwa na dhamana ya kumfuatilia, badala ya kuonwa na yeyote aliye zamu. Pili, ratiba ya vipimo vyake iandikwe ndani ya jalada la faili, tarehe kwa tarehe, na kila jibu liwe na vipimo vitatu: upana wa mfuko kwa milimita ukilinganishwa na wa mara iliyopita, hali ya kila ungio, na mwendo wa damu katika mshipa wa figo. Neno "iko sawa" peke yake lisikubalike. Tatu, fungueni daftari la wote mnaowahudumia waliowekewa mabomba haya, popote walipowekewa, na mtu mmoja awe na kazi ya kuwapigia simu tarehe zao zinapokaribia. Simu na kalamu vinatosha kuanzia. Nne, mashine ikiharibika, mgonjwa aandikiwe kwenda kwingine siku hiyohiyo. Tano, kila familia inayopewa rufaa ya matibabu haya ielezwe kabla ya safari, kwa maandishi ya Kiswahili, kwamba kuna vipimo vya maisha na vinagharimu nini.

Kwa kampuni ya bima: kipimo cha kufuatilia bomba kihesabiwe kuwa sehemu ya matibabu, kisidaiwe kibali kipya kila mara, wala kisikataliwe kwa sababu bomba liliwekwa nje. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Sisi wachangiaji tunataka kujua kama kwenye vitita vyenu vya mafao mna mahali pa mtu ambaye afya yake inategemea kuangaliwa hata akiwa hana maumivu. Naomba pia mrejee kukataa kule kwa mara tatu, na mnieleze kwa maandishi ni daktari gani wa kwenu aliyepitia maombi hayo kabla hayajakataliwa.

Sidai fidia katika barua hii. Hilo nitalizungumza na mwanasheria kwa wakati wake, na sitaki liwape sababu ya kukaa kimya. Wala siombi mtu afukuzwe kazi. Yule daktari wa zamu wa Machi 2023 alikuwa na wagonjwa zaidi ya arobaini asubuhi ile, na mbele yake aliwekewa faili lisilo na ukurasa wa tatu. Mtu yeyote angeweza kukosea mahali hapo, na ndiyo sababu naomba mahali penyewe parekebishwe.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 21 tangu tarehe ya barua hii. Nipo tayari kuja na nyaraka zote, pamoja na diski za picha, siku yoyote mtakayopanga, na safari hii Baba amesema atakuja mwenyewe. Anataka kuwachorea maungio yake ubaoni, na anayajua vizuri.

Kipimo chake kinachofuata kinatakiwa kufanyika tarehe 9 Oktoba 2025. Fomu ya kibali nimeiwasilisha jana dirishani, pamoja na nakala nyingine ya ukurasa wa tatu.

Wenu katika kulijenga taifa,

Binti wa mgonjwa,
kwa niaba ya familia